Kamera Ghalani: Kuchagua, Kufunga na Kutafuta Kasoro

(Maongezi yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru, kiliibiwa magunia sita ya kahawa kavu usiku mmoja wa msimu. Chama hicho kilikuwa tayari kimekwisha kufunga kamera nne za ulinzi, tena kwa fedha zilizopitishwa na mkutano mkuu. Kesho yake katibu alikaa mbele ya kioo, akarudisha picha nyuma, akamwona mwizi. Mtu mmoja amevaa koti refu na kofia, anatoka mlangoni na gunia begani, anarudi, anatoka tena. Pembeni mwa picha kinasa kilikuwa kimeandika 04:10.

Katibu akasoma kama alivyofundishwa shuleni kwamba hiyo ni saa kumi na dakika kumi alfajiri. Sasa walinzi wa chama walikuwa wawili. Wa kwanza alilinda tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Wa pili, mzee wa makamo, alipokea zamu saa sita usiku hadi kulipopambazuka. Saa kumi alfajiri ni zamu ya mzee. Akasimamishwa kazi, na mshahara wake ukazuiwa. Alikaa nyumbani miezi miwili, na pale kijijini watu wakaanza kumsalimu kwa mbali.

Siku bodi ilipokutana kulizungumza jambo hilo kwa mara ya mwisho, mjumbe mmoja, mama mwenye umri wa kuwazaa wengi waliokuwamo, aliomba aonyeshwe jinsi mashine ile inavyofanya kazi. Katibu akafungua picha za alfajiri ya siku hiyo hiyo.

“Mwanangu katibu,” mama akauliza, “hapa pameandikwa kumi na moja na nusu, na jua ndilo linachomoza nyuma ya migomba. Ni saa ngapi hiyo?”

“Hiyo, mama, ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.”

“Na ile ya mwizi, nne na dakika kumi, uliisoma saa ngapi?”

“Saa kumi alfajiri, mama.”

“Basi hii unaisoma kama ilivyo, na ile unaigeuza. Kwa nini, mwanangu?”

Katibu hakuwa na jibu. Walipolinganisha kinasa na simu za mkononi walikuta kinasa kimetangulia saa tano kamili. Mwizi aliingia saa tano na dakika kumi usiku, wala si saa kumi alfajiri. Mzee alikuwa bado kitandani kwake.

Sababu yake si ya ajabu. Vinasa vingi vinavyouzwa madukani Arusha vimetengenezwa China, na vingine hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kwa majira ya Beijing, ambayo yametangulia majira ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Fundi alifunga waya, akaona picha, akapokea malipo yake, akashuka mjini. Hakuna aliyemwuliza juu ya saa. Isitoshe, mazoea ya hapa nchini ya kuandika saa kwa namna moja na kuitamka kwa namna nyingine yaliificha kasoro hiyo vizuri sana. Kila aliyeona tarakimu zisizoelewana alidhani ni yeye anayekosea kugeuza. Ingekuwa nchi isiyokuwa na saa mbili, kosa lingeonekana siku ya kwanza.

Mzee alirudishwa kazini, akalipwa mishahara yake yote, na mwenyekiti alimtaka radhi mbele ya mkutano mkuu. Mlinzi wa zamu ya kwanza hakushitakiwa, kwa kuwa picha haikuonyesha lolote juu yake, na bodi ilikuwa imekwisha kujifunza kuwa na hadhari. Magunia hayakupatikana.

Yafaa kueleza kwa nini hayakupatikana, maana hapo ndipo penye somo la kuchagua vifaa. Mwizi alionekana, lakini uso wake haukutambulikana. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye pembe ya ofisi, mita kumi na mbili kutoka mlango wa ghala, juu chini ya paa. Ilikuwa kamera ya kawaida ya megapikseli mbili, yaani picha yake ina nukta 1920 kwa upana, na lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huuzwa zaidi kwa sababu inaona eneo pana. Muuzaji hulisifu sana eneo hilo pana. Asilolisema ni kwamba nukta zile 1920 ni zile zile, ziwe zimetandazwa juu ya mita tano au mita thelathini. Kwa lenzi hiyo, kwa umbali wa mita kumi na mbili, upana unaoonekana ni kama mita thelathini. Kila mita basi hupata nukta sitini na nne tu. Uso wa mtu una upana wa sentimita kumi na sita hivi. Utapata nukta kumi. Kwa nukta kumi hata mama mzazi hawezi kumtambua mwanawe.

Kipimo kilichoenea duniani katika kazi hii, cha shirika la viwango vya umeme IEC, toleo la mwaka 2014, husema kwamba kumwona mtu kuwa yupo kunataka nukta 25 kwa mita. Kumtambua mtu unayemfahamu kunataka 125. Na kumtambulisha mtu usiyemjua, kwa namna ya kuridhisha, kunataka 250. Gawanya 1920 kwa 250, utapata mita saba na nusu na kitu. Huo ndio upana wa juu kabisa ambao kamera ya megapikseli mbili inaweza kuuangalia huku ikikupa sura ya mtu. Kwa lenzi ya milimita 2.8 mtu sharti awe ndani ya mita tatu. Kwa lenzi ya milimita 6 anaweza kuwa mita nane. Katibu akikumbuka hesabu hii moja tu anapokwenda dukani, hatadanganywa kirahisi.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei, bodi iandike katika muhtasari wake swali ambalo kila kamera italijibu. “Kamera nne za ghala” si swali. “Nani ameingia mlango wa ghala?” ni swali. “Mizani ilisoma kilo ngapi mbele ya mkulima?” ni swali. “Lori lilipakia magunia mangapi, na namba zake ni zipi?” ni swali jingine. Kila swali lina mahali pake, kimo chake na lenzi yake. Ya mlangoni ikae kimo cha mita mbili na nusu hivi, ikimkabili anayeingia. Ikiwekwa mita tano juu itapiga picha za kofia. Ya kuonyesha uwanja mzima iwe pana, na asitegemewe mtu kupata sura humo.

Vyama vingi huanza na kamera ya lango la nje. Ni desturi iliyoigwa kwenye majumba ya watu binafsi huko Njiro na Sakina, ambako hofu ni mtu wa kuruka ukuta. Chama cha msingi si nyumba ya mtu. Hasara za vyama, kwa walio wengi, hazipiti lango usiku. Hupita mezani mchana kweupe, kilo moja hapa na nusu kilo pale, katika msimu wa kupokea mazao. Kama fedha zinatosha kamera moja tu, ifungwe juu ya mizani, karibu kiasi cha kusoma tarakimu, ikiwaonyesha karani na mkulima pamoja. Kamera hiyo humlinda mkulima asipunjwe, na humlinda karani mwaminifu asisingiziwe. Haiondoi haja ya mizani kukaguliwa na Wakala wa Vipimo, maana kamera itapiga picha safi ya mizani mbovu bila kulalamika.

Hapa wapenda kahawa watafurahi kujua jambo moja. Kamera ya kwanza ya mtandao inayokumbukwa duniani, iliyofungwa mwaka 1991 katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilikuwa ikiangalia birika la kahawa. Wataalamu wa ghorofa nyingine walichoka kupanda na kushuka ngazi na kukuta birika tupu. Kamera ile ilikuwa na swali moja, nayo ililijibu vizuri mpaka ilipozimwa mwaka 2001.

Sasa juu ya aina za vifaa. Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kamera zinazotumia waya mnene wa duara kama ule wa antena ya televisheni, na kinasa chake mafundi hukiita DVR. Ya pili ni kamera za mtandao, zinazotumia waya wa kompyuta, na kinasa chake huitwa NVR. Zile za kwanza ni rahisi kwa bei, waya wake unaweza kwenda mita mia mbili na zaidi, na fundi yeyote wa Usa River au Tengeru anazifahamu. Zile za pili hupata umeme na kupeleka picha kwa waya ule ule mmoja, na megapikseli zinaweza kuongezwa. Lakini waya wake usizidi mita mia moja bila kifaa cha kati. Kwa chama chenye ghala moja na ofisi pembeni, aina ya kwanza inatosha kabisa. Kwa chama kinachojenga upya, au chenye mtambo wa kumenyea kahawa, ghala na duka la pembejeo, yafaa kuanza na aina ya pili. Wanaonunua aina ya pili wadai kamera na kinasa vyenye kufuata utaratibu wa ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008 na watengenezaji Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Bila hivyo, siku kamera moja ikifa chama kitalazimika kurudi kwa muuzaji yule yule na kukubali bei yake.

Zipo pia zile kamera ndogo zisizo na waya, zinazohifadhi picha kwenye kadi iliyo ndani yake. Kwa dukani zinafaa. Kwa ghala hazifai kutegemewa peke yake, kwa sababu mwizi akiing’oa kamera ameondoka na ushahidi pia. Kwa ghala la mbali lisilo na umeme, zipo zenye laini ya simu na sahani ya jua. Hizo zina msaada, mradi bodi iweke katika makisio fedha ya kifurushi cha kila mwezi. Kamera ya namna hiyo isiyo na kifurushi haiwezi kumwarifu mtu yeyote kuwa kuna mwizi.

Kuhifadhi picha ni jambo linalosahauliwa kuliko yote. Chama kile kilichotajwa kilikuwa na diski ya terabaiti moja. Kamera moja ya megapikseli mbili ikitumia mfumo wa zamani wa kubana picha, H.264, kwa megabiti nne kwa sekunde, hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hujaza 173. Diski ya terabaiti moja basi hujaa kabla ya siku sita kutimia, na kinasa huanza kufuta picha za zamani bila kuuliza. Polisi walipokuja kuomba picha halisi wiki ya pili, hazikuwapo. Kilichokuwapo ni picha ambayo katibu aliipiga kwa simu yake kutoka kwenye kioo, yenye kutikisika na kuonyesha kidole chake.

Kwa mfumo mpya, H.265, kamera hiyo hiyo inaweza kutumia megabiti mbili kwa sekunde na picha ikabaki nzuri. Hapo kamera nne hutumia gigabaiti 86 kwa siku, na diski ya terabaiti nne hukaa siku arobaini na sita. Lakini ni siku ngapi zinazotakiwa? Muuzaji atasema thelathini, kwa kuwa ndivyo asemavyo kila siku. Jibu la kweli limo ndani ya vitabu vya chama. Ikiwa magunia huhesabiwa kila Jumamosi, siku kumi na nne zinatosha. Ikiwa upungufu hugunduliwa pale tu mzigo unapopimwa kiwandani kukobolewa, wiki sita baadaye, basi diski ya siku thelathini ni kama haipo. Chama kiongeze diski, au kizidishe kuhesabu. Kuhesabu ni rahisi zaidi kwa bei.

Diski yenyewe iwe ya kazi ya ulinzi, iliyotengenezwa kuandika mchana na usiku. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu itaandika miezi michache, kisha itanyamaza. Kioo kitaendelea kuonyesha picha za moja kwa moja kama kawaida, na kila mtu ataamini mambo ni mazuri. Hiyo ndiyo kasoro ya hatari kuliko zote, na dawa yake ni moja: kila wiki mtu mmoja arudishe nyuma picha za siku tatu zilizopita, kutoka kila kamera, na aandike katika daftari alichokiona.

Kasoro nyingine hujitangaza zenyewe, na katibu anayezijua hataita fundi kutoka mjini kwa kila jambo. Kamera zote zikizimika kwa pamoja, kasoro iko kwenye umeme au kwenye kinasa. Haiwezekani kamera nne kufa saa moja, isipokuwa kwa radi. Ikizimika moja, chukua waya wa kamera jirani iliyo nzima, uchomeke mahali pake kwenye kinasa. Picha ikitokea, mlango wa kinasa ni mzima na kasoro iko njiani au kwenye kamera yenyewe. Ondoa kamera ile, ilete mezani, iunganishe kwa waya mfupi. Ikifanya kazi, tatizo ni waya. Kwa dakika kumi na tano, bila chombo chochote, kasoro imepatikana.

Ipo kasoro moja ambayo imewasumbua watu wengi: kamera inafanya kazi mchana, na giza likiingia picha inakatika, inarudi, inakatika. Baadhi huhisi mambo mengine. Kinachotokea ni hiki. Usiku kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho, na mahitaji yake ya umeme hupanda zaidi ya mara mbili. Chukua kamera ya volti 12 inayotumia nusu ampea usiku, iliyo mita sitini kutoka kwenye adapta, kwa waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba. Umeme unakwenda mita sitini na kurudi sitini. Waya huo wa shaba utakula volti mbili na zaidi kidogo njiani, na kamera itapata chini ya kumi. Mchana, inapotumia kidogo, hupoteza volti moja tu na kuvumilia. Kupima ni kwa mita ya umeme, kwenye ncha ya kamera, usiku, taa zikiwa zinawaka. Mafundi wengi hupima mchana na kusema hakuna kitu. Dawa ni waya mnene zaidi, au kusogeza adapta karibu na kamera.

Na waya wenyewe uangaliwe. Madukani kumejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, na upotevu wa umeme ndani yake ni mkubwa zaidi. Kwangua ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, rudisha.

Picha ya usiku ikiwa nyeupe kama ukungu, kabla ya kulaumu kamera tazama buibui. Joto na mwanga wa kamera huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi hurudisha mwanga wote. Upande wa Oldonyosambu na Kisongo ni vumbi. Upande wa Poli na Nkoaranga, miezi ya Juni na Julai, ni ukungu wa kweli wa mlimani, na hapo hakuna kamera itakayouona mlango ulio mbali. Njia pekee ni kuisogeza karibu na kuweka taa ya kawaida mlangoni. Kamera iliyowekwa nyuma ya kioo cha dirisha nayo haioni kitu usiku ila taa zake yenyewe. Na kamera ya ndani inayotazama mlango wazi wenye jua nje itawaonyesha watu wote kama vivuli vyeusi. Ama igeuzwe, ama inunuliwe yenye uwezo wa kusawazisha mwanga, ambao kwenye kasha huandikwa WDR.

Umeme ukikatika, kinasa na kamera nne hutumia wati arobaini na tano hivi. Kile kikasha kidogo cha akiba kinachouzwa pamoja na kompyuta kitadumu kama saa moja, nao wezi wanajua kusubiri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 pamoja na kigeuza umeme, ikitumika nusu tu ya uwezo wake ili isife mapema, itavusha usiku: saa kumi na moja, pengine zaidi kidogo. Wakati wa masika, radi huingia kwa nyaya ndefu zinazotoka jengo moja kwenda jingine. Vizuizi vya radi vifungwe pande zote mbili, na nguzo ya shaba izamishwe ardhini sawasawa, si msumari uliopigwa kwenye saruji.

Juu ya programu, la kwanza ni nenosiri. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliziteka kamera na vinasa vingi mno duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadili, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuangusha huduma kubwa za intaneti huko Marekani. Wenye kamera hawakujua lolote. Nenosiri la fundi libadilishwe siku ile ile anapokabidhi kazi, mbele yake, na jipya liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya chama. Vyama vimewahi kujikuta vinamtafuta fundi aliyehamia Dodoma ili awafungulie kinasa chao wenyewe. Programu ya kutazamia kwa simu isiwe na akaunti moja ya kutumiwa na wote. Mwenyekiti awe na yake, katibu yake, mwenyekiti wa kamati ya usimamizi yake. Wawili wa kwanza waone tu. Uwezo wa kufuta uwe chini ya watu wawili, kama funguo za sefu.

Maana lipo jambo ambalo halisemwi sana. Ikiwa kinasa kiko ofisini kwa katibu, na katibu peke yake ndiye mwenye nenosiri, basi kamera zinamlinda kila mtu isipokuwa dhidi ya katibu. Makatibu waaminifu, nao ndio wengi, hawana sababu ya kukataa kugawana ufunguo huo. Kinasa kikae ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa, katika chumba kingine na sefu, ili anayevunja kimoja asipate vyote viwili.

Picha inayotakiwa kuwa ushahidi inakiliwe kutoka kinasa chenyewe kwa diski ndogo, katika umbo lake la asili, mbele ya mashahidi wawili. Iandikwe hati ya makabidhiano: tarehe, saa ya kinasa, saa ya kweli, aliyenakili, aliyepokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu kumbukumbu kukataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki, lakini mahakama itataka kujua ilihifadhiwaje na nani aliigusa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, na awaeleze watu kwa nini anazikusanya. Sura ya mkulima ni taarifa yake. Kibao kiwekwe langoni, kwa Kiswahili, chenye maandishi ya kusomeka. Kamera isielekezwe chooni, wala kwenye ua wa jirani. Picha za wanachama wakigombana kwenye foleni ya malipo zisisambazwe kwenye makundi ya simu; jambo hilo limekwisha kuleta uhasama kati ya koo zilizokuwa zikiishi vizuri.

Kuhusu ununuzi: fedha ziwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, bei ziombwe kwa wauzaji watatu, na zilinganishwe kwa kazi, si kwa idadi ya kamera. Kabla ya malipo ya mwisho fundi apewe jaribio la usiku. Mjumbe mmoja avae koti na kofia, apite mlangoni kwa mwendo wa kawaida, na wajumbe wengine, ambao hawakuambiwa ni nani, watazame picha iliyohifadhiwa na kumtaja jina. Wakishindwa, kazi haijakwisha.

Chama kile cha mwanzo kilifanya jaribio hilo msimu uliofuata, baada ya kuisogeza kamera hadi mita tatu na kubadili diski. Mama yule mjumbe ndiye aliyeombwa kuvaa koti. Alikubali, lakini alitaka kwanza aonyeshwe kinasa kimeandika saa ngapi.